Jinsi Kijerumani kilivyoligawa neno “enforcement”

Aprili 2004 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mbili ambazo majina yake ya Kiingereza yanabeba neno lilelile, enforcement. Mwongozo wa 2004/48 unahusu miliki bunifu. Kanuni ya 805/2004 inahusu madeni ambayo mdaiwa hakuyapinga. Kwa Kijerumani, wa kwanza umepewa Durchsetzung, ya pili ikapewa Vollstreckung. Tofauti hiyo haikuletwa na upambaji wa lugha. Mfasiri alijiuliza kwanza: ni kitu gani kinachotiliwa nguvu, na nani mwenye nguvu hiyo?

Vollstreckung huja baada ya mahakama kuamua. Ni hatua ambayo mahakama za Tanzania huiita kukazia hukumu. Sheria ya Ujerumani ya mwenendo wa madai, ZPO, imeitengea kitabu chake cha nane, kuanzia kifungu cha 704. Kwa kawaida mdai anahitaji vitu vitatu: hati inayompa haki ya kukazia, yaani Titel, muhuri wa mahakama unaothibitisha kwamba hati hiyo inakazika, na uthibitisho kwamba mdaiwa amefikishiwa. Hapo ndipo Gerichtsvollzieher, ofisa anayefanya kazi inayofanana na ya dalali wa mahakama, anapoweza kukamata mali.

Durchsetzung ni pana zaidi. Barua ya wakili inayomtaka mshindani aache kutumia alama ya biashara ya mteja wake ni Durchsetzung tayari, hata kama hakuna kesi iliyofunguliwa. Sheria ya mwaka 2017 iliyozibana kampuni kubwa za mitandao ya kijamii ziondoe maudhui haramu iliitwa Netzwerkdurchsetzungsgesetz kwa sababu hiyohiyo: ilitaka sheria iheshimiwe, si hukumu fulani ikaziwe.

Katika jinai mgawanyo huongezeka. Kazi ya polisi na waendesha mashtaka kuwasaka wahalifu ni Strafverfolgung. Hukumu ikishatolewa, kuhakikisha adhabu inatumikiwa ni Strafvollstreckung, na kifungu cha 451 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamkabidhi mwendesha mashtaka jukumu hilo. Namna mfungwa anavyoishi gerezani ni Strafvollzug, na tangu mwaka 2006 mamlaka ya kutunga sheria zake yako kwa majimbo. Mfasiri akiyachanganya maneno haya mawili ya mwisho, msomaji ataelekezwa kwenye ofisi isiyohusika.

Hatari kubwa zaidi imo katika mikataba. Mwanasheria wa Uingereza husema mkataba ni enforceable akimaanisha kwamba mahakama itausimamia. Mfasiri akiandika vollstreckbar, Mjerumani atafikiria hati inayomruhusu mdai kukamata mali moja kwa moja bila kesi, kama ile ya mthibitishaji inayotajwa katika kifungu cha 794 cha ZPO. Durchsetzbar ingetosha. Kinyume chake nacho kina mtego. Dhamana ya deni iliyotolewa kwa mdomo huwa unenforceable Uingereza chini ya Statute of Frauds ya 1677: ipo, lakini haidaiki mahakamani. Ujerumani, kwa mdhamini asiye mfanyabiashara, dhamana hiyo ni nichtig, batili kabisa. Kuandika nichtig katika tafsiri ya waraka wa Kiingereza ni kubadilisha sheria ya Kiingereza.

Je, si rahisi basi kunakili kutoka matoleo rasmi ya Umoja wa Ulaya? Tazama Kanuni ya 1215/2012, ibara ya 2, inayofafanua hukumu. Toleo la Kiingereza linataja writ of execution. Mahali pake katika Kijerumani pana Vollstreckungsbescheid. Ile ya Kiingereza ni amri kwa ofisa akakamate mali. Ya Kijerumani ni uamuzi anaopewa mdai baada ya mdaiwa kunyamazia ilani ya malipo, na kifungu cha 700 cha ZPO kinaupa uzito wa hukumu iliyotolewa bila mdaiwa kufika.

Hapo hakuna kosa la ufasiri. Ibara hiyo inahesabu maamuzi yote, vyovyote yatakavyoitwa, na kila lugha huweka mifano kutoka mahakama zake. Isitoshe, chimbuko lake ni Mkataba wa Brussels wa 1968, ulioandikwa kwa Kifaransa, Kiholanzi, Kiitaliano na Kijerumani; Kiingereza kiliingia kwa mkataba wa kujiunga wa 1978. Anayedhani Kijerumani hapo ni tafsiri ya Kiingereza ameigeuza historia.

Matoleo hayo yanafundisha njia, hayatoi orodha ya visawe. Akikutana na writ of execution katika faili la deni la kawaida, mfasiri makini huliacha jina la Kiingereza kama lilivyo, kisha hueleza kwa sentensi moja ya Kijerumani ni nani ameamriwa, na afanye nini.