Neno "set" na Kisawe Kimoja

Wafasiri huyahofia maneno marefu ya Kiingereza, na kwa hiyo hujihadhari nayo mapema. Maneno mafupi ndiyo yanayowapita bila ya kusailiwa. Miongoni mwa hayo, "set" lina sifa ya pekee: Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ililipa maana zaidi ya 400, na hapana neno lililopewa maelezo marefu zaidi katika toleo hilo.

Mswahili hana haja ya kulitafutia neno hilo mwenzi mmoja, kwani lugha yetu imekwisha kuigawa kazi yake. Jua huchwa, mtego hutegwa, mtihani hutungwa, tanga hutwekwa, siku ya arusi hupangwa. Hata hivyo kitenzi "kuweka" kimekuwa kimbilio la kila mwenye haraka, nasi tumepata kusoma kwamba walimu "wameweka mtihani", tukadhani karatasi zimefungiwa kabatini.

Katika hisabati tunaliunga mkono neno "seti". "Jumla" ni jawabu la kujumlisha, na "kundi" lahitajiwa kwingineko katika somo hilohilo. Ila sasa seti imeruka ua wake na kuingia maofisini, tukaletewa "seti ya kanuni" na "seti ya hatua", kana kwamba wingi wa Kiswahili hautoshi kuonyesha kuwa kanuni ni nyingi.

Haya ni ya kuudhi tu. Linalotutia wasiwasi zaidi ni mwongozo mmoja wa ujenzi tuliopewa kukagua istilahi zake. Humo, kila palipoelezwa kwa Kiingereza kwamba saruji "sets", mfasiri ameandika kwamba inakauka. Saruji haigeuki jiwe kwa kupoteza maji. Hugeuka kwa kuungana nayo kikemia, na ndiyo maana huwa ngumu hata chini ya maji, kama katika nguzo za gati na za madaraja. Zege likikaushwa mapema na jua hubakia dhaifu, tena hupasuka. Fundi aliyesoma kwamba zege sharti likauke ataona kulimwagilia maji siku ya pili ni kuiharibu kazi. Nao mwongozo huohuo, kurasa chache mbele, unamwamuru amwagilie kwa siku 7. Kati ya amri mbili zinazopingana atafuata ipi? Tunachelea atafuata ile isiyo na gharama, hasa mahali ambapo maji hununuliwa kwa pipa.

Mafundi wenyewe wanalo neno: husema zege "limeshika". Baada ya kushika, zege huendelea kupata nguvu kwa majuma kadhaa, na kwa kawaida uimara wake hupimwa siku ya 28. Hatua hiyo ya pili twapendekeza iitwe "kukomaa". "Kukauka" kubakie kwa rangi na mbao. Tumeambiwa kwamba "kushika" ni neno la mitaani, tena lina maana nyingi mno. Neno la mitaani ndilo atakalolisoma fundi pasipo kuuliza. Na hoja ya wingi wa maana inashangaza ikitolewa na mtu anayefasiri "set".

Liko bado suala la mfupa uliovunjika. Desturi ni kusema mfupa "umeungwa", na waunga mifupa wameheshimiwa kwa jina hilo tangu zamani. Lakini tendo linalokusudiwa katika vitabu vya uuguzi ni kuvirudisha vipande katika mstari wake. Kuungana ni kazi ya mwili wenyewe, nayo huchukua majuma mengi. Mgonjwa aliyeambiwa leo kwamba mguu wake umeungwa anaweza kuukanyagia kesho. Hatujapata neno moja la kuturidhisha. Kwa sasa tunaandika "kurudisha mfupa mahali pake", maneno manne mahali pa moja.