Chanuo na Tumbo la Sungura

Sungura wa kufugwa hujisafisha mwenyewe. Hulamba miguu ya mbele na kupangusia uso, huvuta masikio chini moja baada ya jingine, kisha hugeuza shingo na kuanza mbavu na mgongo. Katika kulamba huko hung'oa manyoya yaliyolegea na kuyameza. Paka naye humeza manyoya, ila paka huweza kuyatapika, sungura hawezi. Mlango wa juu wa tumbo lake hukazwa na misuli yenye nguvu kiasi kwamba kilichokwisha kushuka hakina njia ila ya mbele. Ndiyo maana kumchana sungura, kazi ambayo wengi huihesabu kuwa urembo, ni sehemu ya kulitunza tumbo lake.

Tumbo lenyewe liliumbika kwa nyasi. Sungura wote wa kufugwa, wakiwemo wale weupe wa aina ya New Zealand wanaoonekana sana katika mabanda ya Kenya na Tanzania, wametokana na sungura-pori wa Ulaya, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno, na ambaye aliishi kwa majani magumu yenye lishe haba. Nyasi hizo hutafunwa, hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, na kufika mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako kazi hasa huanzia. Hapo vitu hutengwa. Nyuzinyuzi ndefu husukumwa mpaka nje zikiwa punje kavu za mviringo. Chembe ndogo na majimaji hurudishwa nyuma hadi kwenye sekamu, mfuko mkubwa kuliko tumbo lenyewe, ambamo bakteria huzichachusha. Baada ya saa kadhaa sekamu hutoa punje za aina ya pili: laini, zenye ute, zimeshikana vichala vichala. Sungura huinama na kuzila palepale zinapotoka, aghalabu usiku au alfajiri. Mfugaji mgeni huchukizwa na jambo hilo na hata kutaka kulikomesha. Asithubutu, kwani ndani ya punje hizo mna protini na vitamini zilizotengenezwa na bakteria, ambazo sungura angezipoteza kama asingezirudia.

Zile nyuzinyuzi ndefu, ambazo karibu hazimlishi kitu, ndizo zinazoufanya utumbo ujikunje na kusukuma. Zikipungua, mwendo hupungua. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba donge la manyoya huziba tumbo na ndilo linaloua. Siku hizi madaktari wa mifugo huanza na utumbo: kwanza huzorota kwa uchache wa nyasi, kwa kiu, kwa maumivu ya meno au kwa hofu; kisha vilivyomo tumboni hukauka; ndipo manyoya, ambayo hata sungura mzima huwa nayo kidogo tumboni, hushikamana na mabaki ya chakula. Mara nyingi, basi, donge ni matokeo ya ugonjwa. Ushauri wa kumpa papai au nanasi ili "kuyeyusha" manyoya hauna mashiko. Vimeng'enya vya matunda hayo haviyeyushi keratini ya manyoya, na sukari yake ikizidi huwavuruga bakteria wa sekamu.

Chanuo halipotezi kazi kwa hilo. Wakati wa kupukutisha manyoya, sungura humeza mengi kwa muda mfupi, na kila shungi linalotoka mkononi mwa mfugaji halitapita tumboni. Kwa sungura wa Angora hali ni kubwa zaidi: sufu yake hukua takriban sentimita 2.5 kwa mwezi, na asipochanwa mara kwa mara hufungana mafundo mpaka ngozini.

Ufundi wa kuchana huanza na kumshika sungura. Mkono mmoja hukaa chini ya kifua na mwingine hubeba makalio, kwa sababu sungura akirusha teke miguu ikiwa hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo. Wako wanaomlaza chali na kusema ametulia. Kutulia kule ni kuganda kwa hofu, na fundi mzuri hakutumii. Sungura akishakaa magotini, vidole hutangulia kupapasa, kisha huja chanuo la meno mapana, mwisho lile la meno membamba, kufuata ulalo wa manyoya. Ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika upesi, kwa hiyo fundo halivutwi: hushikwa kwenye shina na kuachanishwa kidogo kidogo. Mkasi ni wa mtu mzoefu. Kuogesha hakuhitajiki, maji humtia baridi na fadhaa.

Faida kubwa ya kazi hii, pengine kuliko manyoya yenyewe, ni yale ambayo mkono hugundua. Kidevu chenye mate huashiria meno, ambayo kwa sungura hukua maisha yote na hulika kwa kutafuna nyasi. Punje laini zilizoganda makalioni huonyesha kwamba anakula wanga mwingi, amenenepa, au mgongo unamuuma hata hawezi kuinama. Na uchafu huo huvuta nzi, ambao funza wao hula nyama ya mnyama angali hai. Punje kavu zilizounganishwa na manyoya kama tasbihi husema amemeza mengi, ila pia kwamba bado yanatoka. Wa kutisha ni yule ambaye bandani mwake hakuna punje kabisa, na tumbo limejaa gesi au limekuwa gumu.

Dawa ya kila siku ni nyasi, mbichi au zilizokaushwa kama boma Rhodes, ziwe sehemu kubwa kabisa ya chakula, na maji yasikatike. Chakula cha kiwandani kiwe kidogo. Karoti na mkate si chakula cha kumshibisha. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula wala kunya apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Na asipewe antibiotiki za binadamu zilizobaki kabatini: amoksisilini au klindamaisini ikipitia kinywani huwaua bakteria wa sekamu, na huweza kumuua sungura mwenyewe.