Federer, 40-30: Kwa Nini Upande Ule?

Kila fainali ya Wimbledon ya 2019 inapozungumziwa, naambiwa yaleyale: Djokovic ana roho ya paka. Siku ile alipewa uhai na mwenzake. Aliyempa ni Roger Federer, kwa fohendi moja iliyoelekezwa pasipofaa.

Mnaikumbuka hali. Seti ya tano, Federer anaongoza 8-7, sevu ni yake, esi mbili zimemfikisha 40-15. Pointi mbili za ubingwa. Ya kwanza naisamehe. Fohendi ilitoka nje, na mtu anayekaribia miaka 38 ana haki ya kukosea mara moja.

Lakini 40-30! Sevu ya kwanza iliingia. Djokovic akairudisha tu, bila kuumiza. Federer akasogea, akapiga fohendi ya mshazari kuelekea fohendi ya Djokovic, kisha akaufuata mpira wavuni. Utazameni tena mpira ule. Haukuwa mzito wala haukuwa karibu na mstari wa nyuma. Mtoto wa mwaka wa pili wa tenisi hufundishwa kwamba ukienda wavuni, mpira uende sambamba na mstari wa pembeni, ili hatua za kuziba uwazi ziwe chache. Ukiupeleka mshazari, inabidi ukatize korti huku mwenzako akichagua pa kukupitia. Djokovic akachagua mshazari, na Federer akageuka kutazama. Muda mfupi baadaye ilikuwa 8-8.

Mtaniambia upande wa pili kulikuwa na bekihendi ya Djokovic, ambayo ndiyo silaha yake. Basi kama aliiogopa, angeifuata sevu yenyewe tangu mwanzo, avizie voli. Stefan Edberg alikaa naye kama kocha 2014 na 2015, akamrudishia hamu ya wavu. Masomo yale yalikwenda wapi saa ya kuyatumia? Federer huyuhuyu, akiwa na miaka 19, alimtoa Pete Sampras kwenye nyasi hizohizo mwaka 2001 kwa kwenda mbele bila kuomba ruhusa.

Na Sampras, jamani. US Open, New York, 1996, robo fainali dhidi ya Corretja, taibreki ya seti ya tano, 7-7, ametoka kutapika uwanjani. Sevu ya pili akaipiga esi. Corretja akaanguka kwa makosa mawili ya sevu. Sampras hakuchagua njia ya katikati.

Nitalirudia hata mkichoka: tangu Wimbledon ibadilishe mbegu za nyasi mwaka 2001, mpira unadunda juu zaidi na wachezaji wamehamia mstari wa nyuma, wakienda wavuni kama wageni. Ila nyasi hazikuchagua upande wa fohendi ile.

Wala si mara ya kwanza. Nusu fainali ya US Open 2010, pointi mbili za mechi, Djokovic akaponyoka. Mwaka uliofuata, palepale, 5-3 na 40-15 kwenye seti ya tano, akaponyoka tena. Mtu aliyeumwa mara mbili na mpinzani yuleyule alipaswa kuingia na mpango wa pointi hiyo ukiwa umeshaandikwa kichwani.

Mengine Federer aliyafanya vizuri katika fainali ile ya 2019: esi 25, pointi 218 dhidi ya 204, na siku mbili kabla alimtoa Nadal. Taibreki alipoteza zote tatu, ya mwisho kwa kanuni iliyokuwa mpya mwaka ule, ya kupiga taibreki seti ya tano ikifika 12-12, kanuni ambayo sikuipenda kamwe. Saa nne na dakika 57, seti ya tano 13-12 kwa Djokovic. Tangu Falkenburg mwaka 1948, hakuna mwanamume aliyekuwa ameokoa pointi ya ubingwa katika fainali ya Wimbledon kisha akashinda.

Federer hakufika tena fainali ya Grand Slam. Mechi yake ya mwisho ya mmoja mmoja Wimbledon ilikuwa 2021, akafungwa na Hurkacz seti tatu kwa bila, ya mwisho 6-0.