Bandari ya Anga na Ratili ya Nyama

Katika vikao vyetu vya fasihi kuna kauli imerudiwa mpaka imeota sugu: eti Kiswahili hakina hadithi za anga. Anayeitoa mara nyingi ameshasoma riwaya mbili tatu za kigeni, ameona filamu ya Blade Runner (1982), na sasa naye kalamu inamwasha. Anataka kuandika juu ya mji wa mwaka 2150 ambamo kampuni moja inamiliki bandari ya anga, yaani kituo cha kurushia roketi na kupokelea vyombo virudivyo. Kampuni hiyo hiyo inamiliki polisi, maji ya bomba na hata hewa ya kuvuta. Hamu hiyo haina ubaya. Ubaya unaanza pale anapokaa kuandika. Mji wake una mvua isiyokatika, taa za rangi, maghorofa yanayopotelea mawinguni na shujaa mwenye koti refu jeusi. Ukimwuliza mji wenyewe uko wapi, anakujibu, "Musoma." Hivi ni Musoma ipi hiyo, bwana, ambayo mtu anavaa koti zito mchana kando ya ziwa?

Makala haya yana hoja moja tu. Hadithi ya bandari ya anga inayomilikiwa na kampuni, ikiandikwa na mtu wa kwetu, ni hadithi ya mkataba kabla haijawa hadithi ya roketi. Anayetaka kuiandika vizuri aanze chini, kwenye ardhi, kwenye karatasi iliyotiwa sahihi, na kwa watu walioambiwa wapishe. Nitaitetea hoja hii kwa kupitia kazi tatu za Kiswahili, na katikati nitaingiza mkataba mmoja wa kweli, ambao kwa maoni yangu ni distopia kali kuliko nyingi zilizotungwa.

Tuanze na hayo madai kwamba hatuna. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, miaka sita kabla chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu hakijaizunguka dunia. Ni nchi gani hiyo Kusadikika? Ni nchi inayoelea hewani. Wahakiki wengi wameipita sifa hii haraka, wakaiita fumbo la ukoloni, wakaendelea na dhamira. Ni fumbo kweli, lakini tazameni fani yake. Mwandishi amewapandisha watu juu kabisa, kisha akawapeleka mahakamani. Karama anashitakiwa na Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, mbinguni na ardhini pamoja. Wajumbe hao walirudi na habari za manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Shaaban Robert hakushangazwa na urefu wa safari. Alichouliza ni hiki: aliyekwenda mbali akirudi, nani anamfungulia lango, na kwa sheria ipi?

Kazi ya pili ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Humo Dzombo anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa katika chombo cha anga na kurushwa. Badala ya kufa anafika katika sayari nyingine, Walenisi, jina ambalo ukilikata vipande linakwambia "wale ni sisi". Huu ni ubunifu mkubwa. Kwa wenzetu wa nchi tajiri roketi imezoeleka kuwa alama ya matumaini. Kwa Mkangi, mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980, roketi ni kitanzi. Udhaifu wa riwaya, na tuseme wazi, ni kwamba Dzombo akishafika huko anageuka kuwa mwanafunzi. Anafundishwa na kuelezwa mpaka hadithi inalemewa na somo. Sayari imenyooka mno, na msomaji anaanza kulikumbuka lile chombo la kuulia watu lililomleta, kwa sababu pale ndipo palikuwa na joto la maisha.

Hata hivyo, kazi zote mbili zina mtawala anayefahamika. Kusadikika kuna mfalme, na mwisho wa kesi ni mfalme anayeamua kumwacha Karama huru. Kwa Mkangi kuna dola. Kampuni bado haijaingia jukwaani. Mwandishi wetu wa mwaka 2150 anadhani hapo ndipo inabidi akaazime kwa wageni. Akae kidogo. Jambo hilo limeshatokea, na limetokea kwa wasema Kiswahili.

Mwaka 1975 Lutz Kayser alianzisha katika Ujerumani Magharibi kampuni iliyoitwa OTRAG. Ilikuwa kampuni binafsi, na biashara yake ilikuwa kutengeneza roketi za bei nafuu za kupeleka setilaiti angani. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kukiongoza kituo cha Kennedy cha Marekani, na ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika roketi za Ujerumani ya Hitler. Kampuni ilihitaji uwanja. Ikaupata Zaire kwa Mobutu, katika jimbo la Shaba, ambalo baadaye liliitwa Katanga hadi lilipogawanywa mwaka 2015, upande wa Manono na mto Luvua. Ukubwa wa eneo ulikuwa kama kilometa za mraba 100,000, na muda wake ulikuwa mpaka mwaka 2000. Ndugu msomaji, hebu pima. Ziwa Victoria zima halifiki 70,000. Mkoa wa Mara, ukichanganya na maji yake, ni kama 30,000. Kampuni moja ilipewa zaidi ya mara tatu ya Mara.

Sasa usome mkataba huo kama unavyosoma tamthilia. Kampuni ilipewa haki ya kulitumia eneo bila kuingiliwa. Dola, kampuni ikitaka, iliwajibika kuwaondoa watu. Watumishi wa kampuni walipewa kinga. Wahusika wapo: mwenye nguvu, mwenye fedha, na wanakijiji ambao hawakupewa hata mstari mmoja wa kusema. Mandhari ipo. Mgogoro upo. Tena kuna kilele ambacho mtunzi akikibuni tungemwambia amezidisha chumvi: tarehe 5 Juni 1978, mbele ya Mobutu mwenyewe, roketi ya tatu ilipanda, ikaacha njia, ikaanguka. Mwaka uliofuata, huku mataifa makubwa yakiwa yameshatia shaka na shinikizo, Mobutu aliifunga shughuli hiyo, na kampuni ikahamia Libya. Hakuna koti jeusi wala mvua ya usiku. Kuna karatasi, kuna jua, na kuna mtu anayeulizwa katika Kiswahili cha kule Shaba shamba lake liko upande gani wa mpaka.

Msije mkasema hayo yamepita na Mobutu. Tarehe 3 Mei 2025 wakazi wa eneo la kampuni ya SpaceX huko Texas, Marekani, walipiga kura, 212 kwa 6, ili eneo hilo liwe mji kamili. Mji ukaitwa Starbase. Wapiga kura wengi walikuwa waajiriwa wa kampuni au jamaa zao, na meya aliyechaguliwa ni ofisa wa kampuni. Kwa hiyo mji wa kampuni wenye bandari ya anga hauhitaji tena kungoja mwaka 2150. Tofauti na Shaba ni kwamba wale waliulizwa, ijapokuwa walioulizwa na aliyeuliza walikuwa wanakula chungu kimoja.

Hapa ndipo ninapotaka kuwarudisha nyumbani, kwa barabara ninayoijua. Ukitoka Mwanza kwenda Musoma unapita Bunda, unakwenda, kisha unaikuta njia ya kuchepuka kwenda Butiama, ndipo unamalizia Musoma. Kwa mtunzi wa hadithi hii, vituo hivyo vitatu ni maswali matatu.

Bunda inauliza: nani amehama? Kandokando ya Ghuba ya Speke, katika kata ya Nyatwali, wakazi walihamishwa katika miaka hii ya 2020 ili Hifadhi ya Serengeti ifike ziwani. Siingii katika ubishi wa sera. Hiyo ni hifadhi ya taifa, wala si kampuni ya roketi. Mimi ni mhakiki, natazama lugha. Mtu aliyepitia jambo hilo anayo msamiati ambao mwandishi wa maghorofa hana: tathmini, fidia, alama ya rangi ukutani, kaburi la babu litafanywaje, mwembe unahesabiwa shilingi ngapi. Distopia isiyo na maneno haya, kwa msomaji wa Bunda, ni katuni.

Butiama inauliza: nani amesoma mkataba? Na hapa tuna bahati ambayo hatuitumii. Mzaliwa wa kijiji hicho, akiwa Rais, alikaa akatafsiri tamthilia ya Shakespeare ambayo kiini chake ni mkataba. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wengi tumeishia kwenye jina, tukabishana kama mfanyabiashara ni sawa na bepari. Ubishi huo una maana, kwa sababu mfasiri kwa neno moja ameipa tamthilia tabaka. Lakini tazama mgogoro wenyewe. Antonio ametia sahihi kwamba asipolipa atakatwa ratili ya nyama mwilini. Siku inafika. Machozi hayasaidii, na rehema anayoombwa Shylock inakataliwa. Kinachomwokoa Antonio ni Portia kusoma maandishi kwa makini kuliko mwenye mkataba: imeandikwa nyama, damu haikuandikwa. Tunajua pia kwamba hukumu hiyo inamwangukia Shylock kwa ukatili wake, na msomaji mwema haondoki pale akipiga makofi tu. Hata hivyo somo la ufundi linabaki. Tamthilia nzima imesimama juu ya kusoma.

Niseme basi kwamba mkataba wa Shaba ulikosa Portia. Ardhi ilikatwa kama ratili ya nyama, na hakuna aliyesimama mbele ya waliohusika akauliza, "Na damu je, imeandikwa wapi?" Karama wa Kusadikika angeuliza. Ndiyo maana alishitakiwa: alitaka watu wafundishwe sheria, yaani wafundishwe kusoma maandishi yanayowahusu. Shaaban Robert na mfasiri wa Butiama, kila mmoja kwa njia yake, wamemweka msomaji wa sheria katikati ya jukwaa. Hiyo ndiyo mila yetu ya hadithi za madaraka. Kwa nini basi mhusika mkuu wa bandari ya anga asiwe karani wa kijiji anayesoma kifungu kwa kifungu kwa mwanga wa taa ya chemli, huku roketi zikinguruma nje?

Musoma inauliza swali la mwisho: nani anapanda, na nani anapakia? Ni mji wa bandari. Watu wake wanajua chombo kikitia nanga kuna wenye tiketi na kuna wabeba mizigo, kuna wanaoanika dagaa na kuna wanaowala mbali. Wanajua pia kiwanda kinaweza kufika na shangwe, kisha kikanyamaza. Waliouona mji huu wakati MUTEX ikifuma nguo hawahitaji kuelezwa. Bandari ya anga ikijengwa Musoma katika riwaya, kitakachomgusa msomaji ni yule mama anayeuza chai na maandazi langoni, anayejua majina ya walinzi wote na hajawahi kuliona lango kwa ndani. Hata jina halitoshi kumfariji. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Neno letu lilifika angani. Jukwaa, ufunguo na ratiba vilibaki kwa wengine.

Atasema mtu: unamfunga mwandishi, ubunifu hauna mpaka, mwache aruke. Sikatai. Lakini anayeruka hurukia mahali, na fasihi ya Kiswahili iliyoruka vizuri imeruka ikiwa na sababu. Kusadikika iko hewani ili tuione mahakama. Dzombo anarushwa ili tumwone aliyemrusha. Mji wa koti jeusi uko hewani kwa sababu mwandishi hakutaka kuuliza ardhi ni ya nani. Hapo hajawa huru. Amekwepa tu, na wasomaji wa kwetu wanaujua ukwepaji hata ukivikwa taa za rangi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenzetu wa mwaka 2150 ni mfupi. Achana kwanza na mitambo. Panda basi, shuka Bunda, usikilize. Nenda Butiama, ukasome Mabepari wa Venisi upya ukiwa na kalamu mkononi. Kisha kaa Musoma bandarini asubuhi moja, uhesabu wanaopanda na wanaopakia. Ukishamaliza, andika roketi yako, nasi tutaisoma. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Swali ni atashukia kwenye ardhi ya nani, na ni nani atakayekuwa amekaa pale chini na mkataba mkononi, akiwa ameshausoma.