"Kuoza" au "Kuiva"?

Baadhi ya tafsiri hueleza kwamba mafuta na gesi asilia, kama ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, hutokana na "kuoza" kwa mabaki ya viumbe katika miamba mashapo. Neno hilo twaliona lina kasoro. Kuoza ni kazi ya vijidudu. Tunayoizungumzia hapa hasa ni kazi ya joto. Mabaki yaliyofukiwa hugeuka kerojeni. Joto likifika kama nyuzi 60 hadi 120 za Selsiasi hutoa mafuta, likizidi hutoa gesi.

Mchoma mkaa wa Masasi aijua tofauti hiyo. Hufunika magogo kwa udongo, hewa isipenye. Gogo haliozi wala haliwi jivu, bali huiva likawa mkaa.

Twapendekeza "uivaji", na pamoja nao "mwamba mbichi", "mwamba ulioiva" na "mwamba uliopitiliza". "Kuoza" tuliachie samadi na vinamasi. Mwanafunzi wa Newala aliyefundishwa "kuoza" hataelewa kwa nini wanajiolojia hupima joto ambalo mwamba umelipitia.