Msafiri na Motokaa ya Kukodi

Wahenga walisema kuwa msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Maana ya methali hii ilikuwa wazi katika zama za miguu na mitumbwi. Mtu aliyetoka kwao hana kisima, hana jiko, wala hana jirani. Hana budi kuomba maji, kuuliza njia, na kutanguliza salamu. Motokaa ya kukodi imekuja kuishindania methali hiyo. Mgeni hulipa fedha mjini, hukabidhiwa ufunguo, mafuta na gurudumu la akiba, kisha aweza kuikata nchi ya watu kutwa nzima bila kumwomba mtu lolote. Swali linalowafaa wahakiki ni hili: umaskini wa msafiri ukiondoka, maandishi ya safari hubaki na nini?

Mkoa wa Simiyu ni mahali pema pa kulipima swali hilo. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, ya ng'ombe na pamba. Mgeni aliyekodi gari Mwanza hufuata barabara kuu ya Musoma, hupita Magu, hufika Lamadi karibu na Ziwa Victoria. Hapo barabara ya lami ya kwenda Bariadi hukata kulia, naye aghalabu haifuati. Husonga mbele kidogo hadi lango la Ndabaka, akaingia Serengeti kutazama wanyama. Sheria humwamuru asizidishe mwendo wa kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, kwa hiyo macho yake hupewa nafasi ya kutosha. Lakini jicho lisilo na haja haliulizi, na asiyeuliza hurudi kwao na picha za simba na neno moja au mawili juu ya vumbi la njiani.

Waandishi wakubwa nao wamekutana na mtihani huu. Ernest Hemingway alisafiri Tanganyika mwaka 1933 na 1934, akaandika Green Hills of Africa, kilichotoka mwaka 1935. Kitabu hicho ni cha mwindaji mwenye fedha, magari na watumishi, na sehemu zake nyingi zina majivuno ya mtu asiyepungukiwa. Hata hivyo mwanzo wake una lori. Kelele za lori hilo zawafukuza wanyama waliokuwa wakiviziwa, kisha lori lenyewe laonekana limeharibika njiani, na mwenyewe, Mwaustria, amekwama. Huyo aliyekwama ndiye anayeanzisha mazungumzo mashuhuri kuliko yote kitabuni, yahusuyo waandishi wa Marekani. Yafaa msomaji azingatie jambo hilo: mwindaji alitaka pembe za mnyama, na chombo kibovu cha mtu mwingine kikampa fasihi.

Martha Gellhorn, mwandishi wa habari za vita aliyewahi kuwa mke wa Hemingway, alipita Afrika mwaka 1962, na habari zake zimo katika Travels with Myself and Another, kitabu cha mwaka 1978 kinachokusanya safari zilizokwenda kombo. Nairobi alikodi Land Rover pamoja na dereva, Joshua. Njiani ikadhihirika kuwa dereva udereva haukuwa fani yake, na bibi aliyekodi akashika usukani mwenyewe. Hapa ndipo ubora wa maandishi yake ulipo. Motokaa ilimwahidi usultani, ikampa kazi. Naye hafichi hofu yake wala upumbavu wake, bali ajicheka kwanza. Lakini mzaha huo una upungufu. Joshua anachorwa kwa kile asichokijua kuliko kwa kile akijuacho. Mtu anayejiita dereva akiwa hawezi kuendesha ana sababu yake, na katika Kenya ya miaka ile, iliyokuwa ikiungojea uhuru, sababu hiyo ilikuwa habari nzito kuliko matope yote ya njiani. Gellhorn aliigusa kwa upole, kisha akaipita.

Kinyume cha hayo ni Selim bin Abakari, ambaye habari zake za safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896 zilichapwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Selim hakukodi chombo. Alikuwa mtumishi katika safari ya bwana wake Mjerumani, Bumiller. Hakuchagua njia wala hakulipa nauli, lakini kalamu ilikuwa yake. Katika fasihi ya safari hiyo ni nadra: aliye katika nafasi ya Joshua ndiye anayesimulia. Umaskini wa msafiri alikuwa nao tangu hatua ya kwanza, na ndio uliomfundisha kutazama.

Aniceti Kitereza naye, katika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, aonyesha mwendo wa miguu ulivyokuwa Ukerewe, kisiwa kilicho katika ziwa lile lile linalopokea maji ya mto Simiyu. Myombekere aendapo ukweni kumwomba mkewe arudi, kila mlango una salamu yake na kila salamu ina wakati wake. Mwendo wa polepole ndio unaoipa riwaya hiyo wingi wa mambo.

Isidhaniwe kuwa motokaa ndiyo yenye hatia. Watu wa Bariadi wenyewe hupanda mabasi na pikipiki, wala hakuna sifa katika kuchoka bure. Tena umaskini wa msafiri wa kukodi una udanganyifu wake. Aachaye lami wakati wa masika aweza kuzama katika udongo mweusi wa mbuga. Vijana watakuja, watasalimu, watasukuma gari hata litoke. Kwa saa moja mgeni amekuwa mwombaji. Lakini yeye jioni atarudi kwenye fedha zake, nao watarudi kwenye pamba yao, ambayo bei yake hawaipangi. Mwandishi aionaye saa hiyo kuwa kisa cha kuchekesha ameandika nusu ya jambo. Nusu ya pili ni majina ya wale vijana, na kilichowafanya wawe shambani wakati ule.

Basi kipimo cha maandishi ya namna hii ni deni. Msafiri mwema huandika kama mtu anayedaiwa maji, njia na msaada, na huwataja wanaomdai. Deni hilo katika Simiyu bado halijalipwa. Madereva wa Mwanza na Bariadi wameijua barabara hiyo kwa mvua na kwa kiangazi, wakiwa wamewabeba wageni wa kila lugha, na kitabu chao hakijaonekana katika maktaba. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeketi nao na daftari atakuwa ameanza pale Selim bin Abakari alipoachia.