Mkanda Kwanza, Maua Baadaye: Uchambuzi wa Lebo ya Begi ya Vipande vya Kitenge

Chini ya meza ya fundi cherehani, awe Kariakoo, Mwanakwerekwe au Mwembe Tayari, hakikosekani kiroba cha vipande. Gauni la kitenge likishakatwa hubaki pembe za kwapani, vibanzi vya pembeni na masalio yasiyotosha hata mfuko wa suruali. Kwenye viwanda vya nguo, kadirio linalotajwa mara nyingi ni kwamba takriban asilimia 15 ya kitambaa huishia sakafuni wakati wa kukata. Vipande vya mtaani vina kazi zake za siku zote: kujazia mito, kufutia mafuta ya mashine, kuungwa kuwa matandiko ya viraka. Kipo kitu kingine kidogo kinachovifaa, kwa sababu uso wake haudai kipande kikubwa kuliko kiganja. Nacho ni lebo ya begi.

Wasafiri wengi wanaijua nusu ya wazo hili. Begi jeusi la magurudumu likifungwa kitambaa chekundu kwenye mpini, mwenyewe hulitambua kwa mbali kati ya mengine ishirini yanayofanana nalo. Lakini fundo hilo humsaidia mwenye begi peke yake. Mtu mwingine akilikuta limesahauliwa bandarini Malindi, Unguja, au kwenye buti la basi kule Mbezi, fundo jekundu halimwambii ni la nani. Lebo huongeza jina na namba ya simu.

Kutambulisha mzigo kwa karatasi ni jambo la zamani. Mwaka 1882 John Michael Lyons wa Moncton, nchini Kanada, alipata hataza ya tiketi ya mizigo yenye vipande vinavyotenganishwa: kimoja kinakaa kwenye begi, kingine anabaki nacho abiria. Konda wa basi la mkoani anayebandika namba kwenye mzigo na kumkabidhi abiria namba hiyohiyo anafanya jambo lilelile. Kwenye ndege, utepe wa karatasi una msimbo pau wenye tarakimu 10, na ya pili hadi ya nne huonyesha shirika la ndege. Tangu Juni 2018, Azimio 753 la IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, linayataka mashirika wanachama yafuatilie begi katika hatua nne: linapopokewa kwa abiria, linapopakiwa, linapokabidhiwa kwa ndege nyingine na linaporudi kwa mwenyewe. Lebo ya kitambaa haishindani na mfumo huo. Zamu yake hufika utepe ukichanika, na msukosuko uliouchana utepe ndio huohuo ulioivuta lebo.

Hapo ndipo lebo nyingi za kupendeza huanguka. Uso unabaki mzima, kitenge hakijapauka, na mkanda umekatika. Fundi alimaliza bidii yake yote kwenye maua, akaufunga mkanda kwa mshono mmoja wa kuvuka, basi. Anayetaka kuielewa kazi hii aanze na mkanda.

Kipande cha mkanda hukatwa upana wa sentimita 4 na urefu wa 30, na lazima kifuate uzi wa urefu wa kitambaa, yaani sambamba na ukingo wa kiwandani. Nyuzi za urefu hazivutiki kirahisi. Kipande cha kwapani mara nyingi kimekaa mshazari, na ukikishika ncha mbili na kukivuta kinarefuka mkononi. Kinafaa usoni kikishagandishwa kwenye kitu kigumu, ila kwenye mkanda hakifai hata kidogo. Kitambaa hukunjwa katikati kwa pasi, kikafunguliwa, kingo zote mbili zikaletwa kwenye mstari wa kati, kisha kikakunjwa tena. Unapatikana mkanda wa sentimita 1 wenye tabaka nne, usio na ukingo ulio wazi wa kuchanuka. Hupigwa mshono pande zote mbili. Uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba hudhoofika mapema kwa jua na unyevu.

Kwa nini sentimita 30? Mbili za kila ncha huzama ndani ya lebo, hubaki 26, na zikikunjwa kuwa kitanzi hupatikana urefu wa 13. Kitanzi hupitishwa nyuma ya mpini wa begi, lebo yenyewe ikaingizwa ndani ya kitanzi, kisha ikavutwa. Haihitaji bizimu wala kifungo, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyokaza. Kikiwa kifupi zaidi ya hapo, lebo yenye upana wa sentimita 8 itagoma kupita kitanzi kikishazunguka mpini mnene. Kikiwa kirefu mno, kitaning'inia na kutafuta mahali pa kunasa, na kwenye mikanda ya kusafirishia mizigo mahali pa kunasa hapakosekani.

Sasa maungio. Fundi akifika pale mkanda unapoingia kwenye ukingo wa juu wa lebo, cherehani inabadilika sauti. Si ajabu: ncha mbili za mkanda zikilala moja juu ya nyingine ni tabaka nane, uso uliokunjwa ni mbili, mgongo uliokunjwa ni mbili, na moyo wa lebo, kipande cha jinzi kinachoipa ugumu, ni moja. Jumla ni tabaka 13 chini ya sindano. Sindano namba 14 iliyoshona gauni asubuhi itapinda au kuruka mishono. Hubadilishwa ikawekwa namba 16, ile ya jinzi, na mguu unaachwa upumzike kwenye pedali huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Tatizo jingine ni mguu wa cherehani wenyewe, ule unaokandamiza kitambaa. Mbele umepanda kilima, nyuma uko bondeni, basi unainama na meno ya chini yanashindwa kusukuma. Dawa yake ni kipande cha kitambaa kilichokunjwa hadi kikafikia unene uleule, kinachochomekwa nyuma ya mguu ili usimame sawa. Mafundi wa jinzi hufanya hivyo bila hata kuwaza.

Na mshono usiwe mstari mmoja. Ukiwa mmoja, kila mvuto unaangukia mishono minne au mitano iliyo kwenye upana wa mkanda, na mmoja ukikatika mingine hufuata. Hushonwa mraba unaozunguka sehemu yote iliyozama, kisha msalaba wa kona kwa kona ndani yake. Mvuto sasa unagawanywa kwenye eneo zima. Ni umbo lilelile linaloonekana kwenye mikanda ya mabegi ya mgongoni, na halikuwekwa pale kwa urembo. Wapo wanaopendelea tundu la pete ya chuma, lile la fundi viatu, wapitishe kamba. Ni haraka, na kwenye ngozi ni sawa. Kwenye kitenge kitupu pete huzitafuna nyuzi zinazoizunguka mpaka ikatoka yenyewe.

Uso wa lebo ni kazi nyepesi zaidi, lakini una mitego miwili, na wa kwanza ni joto. Si kila kitenge ni pamba. Sokoni vimejaa vya poliesta, na kwa macho vinadanganya. Jaribio la kuaminika ni la kiberiti: chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo, ziwashe juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalosagika kwa kidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ya kwanza inavumilia pasi ya moto mkali, ya pili inahitaji moto mdogo na kitambaa cha kukinga juu yake.

Moyo wa lebo hukatwa kutoka suruali kuukuu ya jinzi, vipimo kamili vya lebo iliyokamilika: sentimita 8 kwa 12, bila nyongeza ya mshono. Vitenge viwili, cha mbele na cha nyuma, hukatwa 10 kwa 14. Kile cha mbele hulazwa kifudifudi, jinzi ikawekwa katikati, na sentimita 1 inayobaki kila upande ikakunjiwa juu yake kwa pasi. Jinzi hapo inafanya kazi mbili, ugumu na kipimo, kwa maana kingo zitanyooka bila rula. Kitenge cha nyuma hukunjwa peke yake kufuata vipimo hivyohivyo. Aliye na kanvasi yenye gundi, ile ya kola za mashati, anaweza kuigandisha kwanza nyuma ya kitenge chepesi au kipande cha kanga. Asiyependa jinzi asikimbilie nailoni ya kiroba cha sukari, ingawa ni ngumu na ya bure: ni polipropilini, na chini ya pasi ya pamba itasinyaa na kuyeyuka.

Kanga ina tatizo lake la pekee. Pindo lake linapendeza kwenye kipimo kidogo, lakini maandishi ni marefu kuliko lebo yoyote. Mkasi ukipita hapo bila kuangalia, mtu anaweza kusafiri na nusu ya kijembe kisichomhusu.

Mtego wa pili ni plastiki ya dirisha, mahali kadi ya jina inapokaa. Chanzo kizuri ni mfuko wa zipu unaokuja na blanketi jipya. Ni angavu, laini na nene kiasi cha kutosha. Kipimo kinatokana na kadi. Kadi za benki duniani kote, kama vitambulisho vingi, zina milimita 85.6 kwa 54, kwa hiyo dirisha la sentimita 6.8 kwa 9.2, likishonwa umbali wa milimita 3 kutoka ukingoni, huacha nafasi ya 6.2 kwa 8.9 na kadi inateleza kuingia bila kulegea. Hushonwa pande tatu, na mdomo ukaelekezwa juu, upande wa mkanda, ili lebo ikining'inia kadi isidondoke.

Pini haziruhusiwi hapa. Tundu kwenye kitambaa hujifunga, kwenye plastiki linabaki milele. Vibanio vya karatasi au vya nguo vinatosha kushikilia. Mshono nao uwe mrefu, karibu milimita 4, maana mishono ya karibu karibu huitoboa plastiki kama stempu na siku ya kwanza ya kukunjwa inachanika kwenye mstari. Mguu wa chuma hunata juu yake. Fundi huweka kipande cha karatasi nyembamba juu, akashona vyote pamoja, halafu akaichana karatasi na kuitoa. Na dirisha likishawekwa, pasi haigusi tena lebo hiyo. Ndiyo sababu kingo zilikunjwa mwanzo. Njia iliyozoeleka zaidi, ya kushona vitambaa viwili vikitazamana na kuvigeuza kupitia tundu dogo, huikunjakunja plastiki vibaya, na mikunjo hiyo haiondoki.

Baada ya hapo ni kuunganisha tu. Mkanda huwekwa kati ya uso na mgongo, vibanio vikashika, na mshono mmoja ukazunguka lebo nzima milimita 3 kutoka ukingoni, kisha mraba wenye msalaba. Anayeshona nyingi kwa wakati mmoja hupiga madirisha yote mfululizo bila kukata uzi kati ya moja na nyingine, kisha mikanda yote, na hubadilisha sindano mara moja tu.

Kadi iandikwe kwa kalamu ya wino usiotiririka, jina na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, +255 au +254, kwa kuwa 07 haimpeleki popote mtu aliyeko Jeddah au Dubai. Anwani ya nyumbani haina haja ya kuwa dirishani. Inamwambia kila mpita njia ni nyumba ipi haina mtu. Anayekwenda Hija aandike namba atakayokuwa nayo hukohuko, au ya mwenzake wa msafara, na kadi ya pili yenye maelezo yaleyale ailaze ndani ya begi, juu ya nguo, ambapo mfanyakazi wa uwanja wa ndege ataiona mara tu akifungua zipu.